Glasi ya Maji

Mfano wa bustani mpya ya ufukweni ulikuwa mezani, katikati ya ukumbi wa manispaa. Nyamizi aliuzunguka mara tatu akitafuta kosa. Mchoro wake, wenye ukuta wa zege kando ya ziwa, ulishindwa kwenye shindano la manispaa na huu wa Limi, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi.

Limi hakuweka ukuta. Alipanda matete ya njiti za ufagio, na katikati akaacha njia yenye mitumbwi mitano midogo ya mashindano, na kando yake vibao vyenye majina ya ndege. Nyuma ya matete aliweka uwanja wa watoto.

"Ziwa likijaa je?" Nyamizi aliuliza kwa sauti.

Hakungoja jibu. Alimimina glasi yake nzima ya maji kwenye lile ziwa la bluu. Wageni wakasogea karibu. Maji yalipanda, yakaingia kwenye matete, yakatulia humo. Uwanja wa watoto ulibaki mkavu. Mitumbwi midogo ya mbao iliinuka, ikaelea.

"Kumbe inaelea," mtu mmoja akacheka.

Limi hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Nyamizi zaidi. Limi alichukua glasi yake mwenyewe iliyojaa maji, akamsogezea.

"Ongeza, dada."

Nyamizi aliipokea. Mitumbwi yote mitano ilikuwa imegeuza pua upande wake.