Kinyozi wa Miti

Msumeno wa mashine ulikuwa umeshawashwa pale Mama Cherehani alipotoka na kiti chake, akakiweka chini ya mparachichi, akaketi na kuendelea kushona pindo la sare ya shule.

"Mama, tunakata," alisema mmoja wa watu wa umeme.

"Kateni. Mnaanza na mimi au na mti?"

Msumeno ukazimwa.

Mtaa mzima ulikuwa umeshanyolewa. Tangu asubuhi gari la umeme lilikuwa likishuka na barabara ile, na kila mti uliosogelea nyaya ulibaki mlingoti. Mwarobaini wa jirani ulikuwa na tawi moja tu, limechomoza ubavuni kama sikio. Kiongozi wa kikosi, kijana mrefu mwenye helmeti ya njano, watu walishambandika jina: Kinyozi. Waliomlilia hakuwasikia, na waliomtukana alishawazoea.

Mama Cherehani alikuwa na lake la kulinda. Chumba chake cha kushonea kilikuwa cha bati tupu, na kivuli cha mparachichi ndicho kilichowafanya wateja wakae wakisubiri. Bila kivuli kile chumba ni tanuri, na hakuna anayekwenda kupimiwa gauni ndani ya tanuri. Aliogopa kweli kweli, ila uoga wake aliuficha nyuma ya ulimi mkali.

Kinyozi alisogea, akavua helmeti. "Shikamoo, mama. Ofisi inataka mita tatu kila upande wa waya."

"Marahaba. Ofisi haishoni hapa." Akakata uzi kwa meno. "Tawi linalogusa waya ni lile pale. Mengine yamekukosea nini?"

Wenzake Kinyozi walijikaza wasicheke, wakisubiri atishie kuita polisi kama alivyofanya asubuhi kwa mwalimu mmoja. Badala yake aliomba msumeno wa mkono, akaegemeza ngazi, akapanda mwenyewe. Wakatazamana. Hawakuwahi kumwona bosi wao juu ya mti.

"Usiache kisiki," Mama Cherehani alimwelekeza kutoka chini. "Kata pale linapoungana na shina, taratibu. Ni kama kitambaa cha mteja, ukikosea mkasi hakuna kurudisha."

"Sawa, mama."

"Hilo hapana! Hilo ndilo linalokinga dirisha."

"Basi nitapunguza ncha tu, mama."

"Mtu akikukataza hivi, huwa unanuna?"

Kinyozi alifuta jasho. "Huwa nanuna, mama. Leo sinuni."

"Na wazazi wako wanajua unavyoifanyia miti ya watu?"

"Wameshanisema, mama," alijibu kwa sauti ndogo, na msumeno ukapunguza mwendo.

Binti wa Mama Cherehani alitoka na bilauri ya maji kwenye sinia. Mama yake alimkata jicho moja tu, binti akageuka na sinia lake, maji hayajaguswa. Simu ya Kinyozi iliita. Akasikika akimwomba radhi mkubwa wake, kwamba amekwama kwenye mti mmoja mgumu.

Alipoteremka, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Juu, nyaya zilipita kwenye uwazi safi, na kivuli kilikuwa kimelala juu ya bati palepale pa siku zote. Mama Cherehani aliuzunguka mti polepole, akiukagua kama nguo ya harusi. Hakusema asante. Kinyozi alisimama na helmeti mkononi, akingoja, mpaka wenzake wakampigia honi.

Gari lilipopinda kona, jirani alivuka barabara mbio, mtandio nusu begani.

"Shoga, huyo Kinyozi umempa nini? Mimi nimelia, nimetukana, nimemwambia nina presha, na bado kaniachia mlingoti!"

"Sijampa kitu. Wazazi wake walikuja juzi kuleta posa ya binti yangu, nikawaambia jibu watalipata nikishamwona kazini."

Jirani alishika mdomo. "Ehe! Na jibu?"

Mama Cherehani aliinua macho kwenye mparachichi, akakunja uso.

"Tawi moja kalipunguza mno. Wacha asubiri lichipue."