Swichi ya Mke Mkubwa

Mkaguzi wa stima aliufuata waya kwa kidole kutoka soketi ya nyumba ya mke mdogo, akavuka ua, hadi chumbani kwa Nabwire. Waya uliishia kwenye swichi, kando ya kitanda.

“Nani aliamua hivi?”

“Mzee. Kila kitu huanzia kwangu, mke mkubwa.”

Hata mabati ya paa yalianzia kwake, miwa ilipoanza kulipa. Mke mwenza alingoja chini ya paa la nyasi. Na kila alipotaka kupiga pasi, alisimama mlangoni: “Mama, naomba stima.” Nabwire aliipenda sauti hiyo.

“Waya wenyewe ni mzuri, mama, lakini sheria haikubali. Mtu akishika soketi kule, uhai wake uko kwenye kidole chako. Hebu zima, nikaifungue soketi ya kule.”

Nabwire akazima. Punde mke mwenza akasimama mlangoni.

“Mkaguzi anauliza kama umezima.”

“Nimezima.”

Hakuondoka. “Kweli, mama?”

Nabwire alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo. Kidole chake kilikuwa bado kwenye swichi, kimelowa jasho. Akakiondoa, akasogea kumpisha.

“Ingia uone mwenyewe.”