Doa kwenye Shokapu

"Shokapu mpya kabisa hii, bibi. Imetoka Dar jana," fundi alisema.

Alikuwa amekifupisha kile chuma kinachoshika matairi ya nyuma ya pikipiki ya matairi manne ya mjukuu wangu, Tulinagwe. Shokapu ya zamani, ile springi ya kupunguza mitikisiko, ikawa ndefu mno. Hii ilienea.

Nikaipangusa kwa pindo la kanga. Rangi ikabaki kwenye kanga. Chini ya rangi hiyo palikuwa na doa jeusi la utomvu wa ndizi, lile lisilotoka hata kwa sabuni.

"Gwe fundi, huko Dar ilibeba ndizi za nani?"

Akacheka tu. Tulinagwe alishavaa helmeti, mikungu imepakiwa, ateremke mlima wa Lufingo.

Nikamvua helmeti, nikampa fundi. "Anza wewe, baba, na mzigo huohuo. Sisi tunakutazama."

Aliishika kwa mikono miwili. Hakuivaa.