Njia Ndani ya Tabaka la Mchanga

Saa tatu asubuhi, wachimbaji waliacha kumtafuta Shaweji, aliyefukiwa na mchanga wa machimbo tangu jana. Msimamizi alisema amekufa papo hapo.

Baba yake Shaweji, Mzee Kibwana, alimkuta Dakta Mwanate, mtaalamu wa miamba, akichunguza alama kwenye ukuta wa shimo.

“Nini hiyo, mwanangu?”

“Njia ya mdudu wa baharini, mzee. Zamani hapa palikuwa bahari. Dhoruba ilimfukia kwa mchanga, akachimba kwenda juu.”

“Akatoka?”

Mwanate alifuata alama kwa kidole mpaka ilipokoma, ndani ya tabaka lilelile la mchanga.

“Hakutoka.”

“Lakini hakufa papo hapo.”

“Hapana, mzee.”

Mzee Kibwana aliokota sepetu, akashuka shimoni peke yake.