Baiskeli ya Masunga Yataka Ukweli

Siku hizi baiskeli ya umeme ikiingia maji haiwaki mpaka mwenyewe aiambie, kwa mdomo wake, maji hayo imeyapata wapi. Ukiidanganya, taa inabaki nyekundu. Sheria hiyo inanilisha mimi fundi, na imevunja ndoa nyingi kuliko pombe.

Masunga alikuja akiisukuma yake, mkewe Nyamizi nyuma, mikono kiunoni. Nilitoa betri, nikafungua kontrola, kile kisanduku kinachogawa umeme, nikamwaga tope, nikasafisha plagi kwa spiriti na kuzipuliza mpaka zikakauka. Nikairudisha betri.

"Haya shemeji, ungama," nikamtania. "Anaitwa nani huyo hawara wa ng'ambo ya mto?"

"Ni mvua tu," akasema Masunga. Nyekundu.

"Mvua ya kiangazi!" Nyamizi akacheka, cheko lisilo na raha. "Mtaje tu, baba Kabula. Nimeshajiandaa."

"Niliteleza kwenye dimbwi." Nyekundu.

Masunga akaushika usukani, akainama kama anayeinong'oneza. "Niliiendesha hadi ndani ya lambo, bwawa lile la kunyweshea ng'ombe, kwa makusudi, nikiwa juu yake. Sikutaka kutoka."

Taa ikageuka kijani. Nyamizi akakaa chini palepale, kwenye oili chafu, na gauni lake la kutokea. Mimi, mzoefu wa vicheko, nikainama kumwinua.

Baiskeli ndiyo haikujua kunyamaza. Ikaamka na sauti yake ile ya uchangamfu: "Karibu tena, Masunga! Safari ya jana haikukamilika. Tuendelee?"