Ruhusa ya Mume

Cheti chetu cha ndoa kilikuwa hakijakauka wino nilipomwekea karani karatasi yangu mezani. Nimeandika vitabu vitatu kuhusu uhuru, lakini ni ukurasa ule mmoja uliokuwa mgumu kuuandika kuliko vyote: ninakataa mamlaka yote ambayo sheria ya Uingereza inampa mume juu ya mkewe.

Karani aliusoma, akacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

"Bwana mwanafalsafa, umeshaoa. Mamlaka haya si kofia, useme utayavua ukisikia joto."

"Wewe ihifadhi tu. Tutatia sahihi sote wawili."

Lavinia, mke wangu, alikuwa ameshavua glavu na kuchovya kalamu. Nusu ya hoja za vitabu vyangu ni zake, ingawa jina lake halimo. Tone la wino lilining'inia kwenye ncha.

Karani akafunika karatasi kwa kiganja. "Samahani, bibi. Wewe sasa ni mke wa mtu, husaini kitu bila ruhusa ya mumeo." Akanigeukia. "Unamruhusu?"

Lavinia alinitazama mimi. Tone likamdondokea kidoleni, naye hakulifuta.

"Namruhusu," nikasema.