Wenye Namba Mgongoni

Namba kumi na saba alilala chali mezani, miguu sita ikipiga hewa kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Mtafiti alimgeuza kwa njiti ya kiberiti, akamwomba atulie, akachovya ncha ya brashi kwenye rangi nyeupe ya kucha na kuirudishia ile moja iliyoanza kufutika mgongoni.

"Wewe huna kwenu?" alimwuliza. "Kila nikifunua kopo ni wewe."

Halafu akacheka peke yake mpaka brashi ikateleza, na moja ikawa karibu iwe nne. Ndivyo alivyoumbwa. Mambo yakimwendea kombo, kicheko kilimpanda kama kwikwi, na wiki hii yalimwendea kombo hasa.

Miaka kumi na tisa alikuwa akifuata wadudu. Alianza na siafu, akahamia kwenye vipepeo, mwisho akanasa kwa mbawakawa wa kijani, mnene kama kidole gumba, aliyebaki kwenye kichaka kimoja tu mjini, nyuma ya pampu za maji. Kila mwaka joto lilipanda kidogo, na kila mwaka wadudu wa aina fulani walifungasha virago. Huyu alikaa. Sasa kamati ya mipango ilikitaka kichaka kiwe maegesho ya magari. Mwenyekiti alimweleza kwenye simu, kwa upole kabisa, kwamba mbawakawa wakizidi mia moja kichaka kitaachwa. Wasipofika, tingatinga litaingia Jumatatu. Ripoti ilitakiwa kesho mchana.

Kuwahesabu hakukuhitaji kumwona kila mmoja. Unafukia makopo, midomo yake sawasawa na ardhi. Mdudu akipita usiku, anatumbukia. Asubuhi unamtia namba, unamwachia. Ukitega tena unaangalia nani kaingia. Wageni wakiwa wengi, kichaka kimejaa. Wakirudi walewale wenye namba, basi wamebaki haohao.

Siku mbili za kwanza, kwa makopo manne tu ya majaribio, alitia namba mbawakawa sitini na wawili, akarudi nyumbani akiimba barabarani, watu wakimpisha njia. Akafukia makopo mengine kumi na sita.

Ndipo joto lilipopanda ghafla. Kufika saa mbili asubuhi makopo yalikuwa vikaango, na kabla ya saa hiyo yeye alikuwa na watoto wa kupeleka shule. Mjomba wake akajitolea kwenda alfajiri kuyafunika.

Mjomba alikuwa ametunza stoo ya reli miaka thelathini na mmoja bila kupoteza nati. Yeye alistaafu, stoo haikustaafu. Tangu ahamie kwa mpwa wake, vijiko vya nyumba ile vilikuwa na namba, ufagio ulikuwa na namba, na paka alinusurika kwa kukimbia. Siku moja sahani isiyo na namba ilipoonekana kabatini, mjomba aliibeba mlango kwa mlango mpaka mwenyewe akapatikana. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kazi ya makopo, aliuliza maswali mawili ya kikazi: hao wenye namba ni wa mpwa wake, na wote wameandikwa? Wote, alijibiwa. Akaridhika, akatia vifuniko kwenye kindoo cha kuchezea cha watoto, chekundu, akashika njia.

Tangu joto hilo lianze, hakuingia mgeni hata mmoja. Kila asubuhi mtafiti alifunua kopo na kuwakuta walewale, akawasalimia kama muuza duka na wateja wake wa mkopo. Tano, hujambo. Thelathini, umenenepa. Alipiga hesabu mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa sitini na wawili. Joto lilikuwa limewamaliza wengine, na hakuwa na la kuandika zaidi ya hilo.

Leo hakwenda kichakani. Alimrudisha namba kumi na saba, aliyekuja naye jana, kwenye boksi lake, akavuta ripoti, akaisoma mpaka mwisho. Hapo mjomba akaingia, suruali imelowa umande magotini, akaketi kwa hatua, kiuno kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Umemaliza?"

Alimwambia bado sahihi tu. Akamwambia pia kwamba sitini na wawili wangetosha kwenye basi moja na kila mmoja akapata dirisha, na kicheko kikampanda tena, safari hii macho yakiwa na maji.

Mjomba hakucheka. Alijikanda mgongo, akasema kesho angeshukuru kupata ndoo ya watu wazima. Hiki kindoo kinamchosha, anapiga safari nane.

Mtafiti hakuinua macho. Alimkumbusha kwamba vifuniko ni ishirini tu, na siku zote vinaenea.

"Vifuniko havina shida. Ndoo ni ya wale wengine."

Kalamu ilisimama kwenye herufi ya kwanza ya jina lake.

"Wengine gani, mjomba?"

Mzee alitoa daftari mfukoni, akalamba kidole, akafunua ukurasa uliopigwa mistari kwa rula.

"Hawa wasio na namba. Wanajazana kwenye makopo yako kila alfajiri, wanawabana wa kwako, nami nawatoa mmoja mmoja nawavusha mtaro. Usiwe na wasiwasi, wote wameandikwa. Leo ni mia moja thelathini na tisa, na makopo sita ya mwisho sijayagusa, mgongo umekataa. Nimeyafunika tu. Yatasubiri kesho."